Caicedo aliwapa Brighton mamilioni, bosi je?

LONDON, ENGLAND

BRIGHTON ilipomnasa Moises Caicedo kutoka Independiente del Valle ya Ecuador, Februari 2021, mashabiki wengi England hawakuwa wanamjua. Dau lilitajwa kuwa Pauni 4.5 milioni hivi. Agosti 2023, Chelsea ikaweka mezani Pauni 100 milioni, na nyongeza za kuufikisha mzigo Pauni 115 milioni, huku Liverpool iliyokuwa imeshakubaliana na Brighton ikibaki mikono mitupu.

Ukiitazama hesabu hiyo harakaharaka, utasema tajiri wa Brighton, Tony Bloom, amepiga pesa ndefu. Haiko hivyo. Mkwanja wa mchezaji unaingia kwenye akaunti ya klabu, si mfukoni mwa bosi.

Bloom, aliyeupata utajiri wake kwenye kubeti, ameishika klabu tangu 2009 na ameikopesha zaidi ya Pauni 300 milioni bila riba, zikiwamo za kujenga Uwanja wa Amex. Msimu wa 2022/23, hata kabla ya fedha za Caicedo kuhesabiwa, klabu ilitangaza faida ya Pauni 122.8 milioni. Marc Cucurella peke yake, aliyenunuliwa kwa Pauni 15 milioni hivi, aliuzwa Chelsea kwa zaidi ya Pauni 55 milioni. Na bado Bloom alirudishiwa sehemu ndogo tu ya deni lake.

Huyo ndiye anayesifiwa kwa kununua kwa akili. Sasa mwangalie Roman Abramovich. Aliinunua Chelsea 2003 kwa Pauni 140 milioni, akamwaga fedha kwa mastaa kila dirisha, akabeba Ligi ya Mabingwa mara mbili. Klabu ilipouzwa Mei 2022 kwa Pauni 2.5 bilioni, alikuwa anaidai Pauni 1.5 bilioni. Deni akalisamehe, na fedha za mauzo zikazuiwa Uingereza kwa sababu ya vikwazo vya vita ya Ukraine.

Warithi wake, Todd Boehly na Clearlake, walikuja na ujanja wa mikataba mirefu. Enzo Fernandez alinunuliwa Pauni 106.8 milioni kwa mkataba wa miaka minane na nusu, kwa hiyo vitabuni gharama inasomeka kama Pauni 12.5 milioni hivi kwa mwaka. Hiyo si faida, ni kusogeza maumivu mbele tu. UEFA ilishtuka na kuweka ukomo wa miaka mitano kwenye hesabu hizo.

Pesa ya bosi, kama ipo, iko kwenye kuiuza klabu yenyewe. Na hapo ndipo shabiki anapoumia. Mike Ashley aliinunua Newcastle 2007 kwa Pauni 134 milioni hivi, akabana matumizi mpaka mashabiki wakamchukia, timu ikashuka daraja mara mbili, halafu 2021 akaiuza kwa Pauni 305 milioni na kuondoka zake. Mgumu wa kusajili ndiye aliyetoka na chake, mmwagaji hakuambulia kitu!

Bloom hajauza. Wiki mbili tu baada ya Caicedo kuondoka, Brighton ilimtoa Lille kiungo wa Cameroon mwenye miaka 19, Carlos Baleba.