Mtoto Ameleta Mjusi Aliyeumia: Mama Ufanyeje?

  

Leo tunazungumza juu ya mjusi wa nyumbani, yule anayeitwa pia mjusi kafiri, anayetembea ukutani usiku akiwinda wadudu karibu na taa. Watoto wana huruma. Wakimkuta amekatika mkia, ameng'atwa na paka au amenaswa kwenye gundi ya panya, humleta nyumbani na kuuliza, "Mama, nimfuge?" Nawe una mtoto mwingine mchanga mgongoni. Utamjibu nini?

Jibu letu ni hili: mtoto mkubwa anaweza kumsaidia mjusi huyo kwa siku chache, mradi mikono ioshwe, mjusi asifike jikoni wala karibu na mtoto mchanga, na mwishowe arudishwe alikotoka.

Je, mjusi ana sumu?

Hapana. Hakuna mjusi wa jamii hii mwenye sumu popote duniani. Anatusaidia kwa kula mbu, nondo na mende wadogo. Hakuna sababu ya kumpiga kwa fagio.

Basi hatari iko wapi?

Iko katika kinyesi chake. Mijusi, nyoka na kobe wengi hubeba tumboni vijidudu viitwavyo salmonela, nao wenyewe hawaugui. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, hushika ngozi ya mnyama, kisha mikono ya mtoto, kisha chakula. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiambukizwa.

Mtu mzima mwenye afya huenda akaharisha na kupona. Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka 5, mzee, mama mjamzito, mwenye selimundu au anayeishi na virusi vya UKIMWI, vijidudu hivi vinaweza kuingia kwenye damu na kuhatarisha maisha. Watu hawa wasimguse mjusi kabisa.

Namna ya kumtunza

Tafuta mkebe mpana au sanduku la katoni. Toboa matundu madogo, tandika gazeti, na weka kipande cha gome la mti ajifiche. Mkebe huo usirudi tena jikoni. Uweke kivulini, nje ya jikoni na mbali na mahali pa kulala. Joto la mwili wa mjusi hufuata joto la mahali alipo. Jua la mchana la Voi litamuua ndani ya mkebe kwa muda mfupi. Huku Wundanyi na vilimani, usiku ni baridi, basi usiuache mkebe nje.

Maji: mjusi aliyekaukiwa huwa na macho yaliyobonyea na ngozi yenye mikunjo. Nyunyiza matone machache ukutani mwa mkebe, atayaramba mwenyewe. Usimmiminie maji mdomoni, yatamwingia mapafuni.

Chakula: mpe wadudu wadogo walio hai, kama vile nondo, kumbikumbi au panzi wachanga. Ugali, wali na maziwa si chakula chake. Usimpe mdudu aliyepuliziwa dawa.

Mkia uliokatika: mjusi huukata mwenyewe ili adui abaki na mkia naye akimbie. Usifunge kidonda, wala usipake spiriti. Badilisha gazeti kila siku, kidonda kikae kikavu na safi. Mkia mwingine utaota polepole.

Ngozi iliyobaki vidoleni: mjusi hubambuka ngozi mara kwa mara. Ikikaukia vidoleni hubana damu isipite, na kidole hufa. Weka kitambaa chenye unyevu ndani ya mkebe. Usiivute kwa nguvu.

Gundi ya panya: paka mafuta kidogo ya kupikia, subiri gundi ilegee, kisha mtoe taratibu. Usimshike mkia.

Aliyeng'atwa na paka: mara nyingi hufa, hata kama jeraha ni tundu dogo tu, kwa sababu meno ya paka yana vijidudu vingi. Mweleze mtoto mapema ili asijilaumu.

Usafi nyumbani

Baada ya kumgusa mjusi au mkebe, mtoto aoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kando ya choo kinafaa sana. Asimbusu mjusi, wala asile akiwa amemshika. Gazeti chafu litupwe chooni. Funika mtungi wa maji na sufuria kila usiku. Kinyesi cha mjusi kikiangukia chakula, mwaga chakula hicho.

Mtoto akianza kuhara

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mpeleke kituo cha afya apewe zinki, naye aimeze kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Usinunue dawa za vijidudu dukani kwa kubahatisha. Mwambie daktari au muuguzi kwamba nyumbani kulikuwa na mjusi.

Kimbia hospitalini mara moja ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyobonyea, degedege, kutapika kila kitu, au mtoto amelegea na hawezi kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na homa, usingoje kesho.

Kwa nini asifugwe moja kwa moja?

Kwanza, mjusi anayekaa mkebeni muda mrefu bila chakula cha aina mbalimbali hukosa madini ya chokaa, mifupa yake ikalainika na miguu ikapinda. Pili, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kufuga mnyama wa porini. Waeleze watoto hasa juu ya vinyonga: katika Milima ya Taita kuna aina isiyopatikana kwingine duniani. Ukipata mnyama wa porini aliyeumia usiyemjua, wajulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mjusi akianza kula na kukimbia vizuri, mwachilie jioni, palepale alipookotwa.

Kumbuka mama:
1. Mjusi hana sumu, lakini kinyesi chake kina vijidudu.
2. Walio chini ya miaka 5 wasimguse.
3. Sabuni na maji kila mara.
4. Siku chache tu, kisha arudi kwao.

Mtoto anayefundishwa kumhurumia mjusi na kunawa mikono amejifunza mambo mawili mema kwa pamoja.