Mwami Aogopaye Watu Wake

Ukitoka Sake, mashariki mwa Kongo, ukapanda milima ya Masisi, malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage yanakusindikiza njia nzima. Ukizidi kwenda magharibi, nchi inaanza kushuka na msitu unafunga. Hapo umeingia Walikale, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na sekta ya Wanianga ndiyo nchi ya Wanyanga: watu wa migomba, mitego na mbwa wa kuwindia.

Jirani zao Wahunde wa Masisi wana bami, yaani watawala wa jadi (mmoja wao ni mwami), kama wao, na lugha za makabila haya mawili ni ndugu. Ila ukitaka kujua Mnyanga anamtarajia mwami awe mtu wa namna gani, sikiliza karisi, utendi unaosimuliwa, kuimbwa na kuchezwa kwa pamoja. Msimulizi, she-karisi, hukamata mgwisho na kucheza matendo ya shujaa kwa mwili wake mwenyewe. Vijana hugonga mti mkavu kwa vijiti, wasikilizaji huitikia, hupiga makofi na kumtunza. Kazi hii hurithishwa: kijana hukaa na mzee anayeijua mpaka naye aiweze.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, she-karisi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12. Kitabu cha utendi huo kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, msomi aliye Mnyanga mwenyewe.

Katika utendi huo Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa mwanamume, mgwisho wake mkononi. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto haelekei kwa mganga wala kwa jeshi. Anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura. Ndiye anayemwonya asiende kupigana na baba yake, na anapoona mtoto haonyeki, anafuatana naye hadi Tubondo. Mji unateketea, baba anakimbilia kuzimu, Mwindo anamfuata huko na kumrudisha. Ushindi umekamilika, lakini shangazi anamwuliza kama wataishi peke yao katika mji usio na watu. Mwindo anachukua mgwisho na kuwafufua waliokufa. Kisha baraza linakaa, shangazi akiwa katikati ya baba na mwana, na Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu wote.

Kwangu mimi swali hilo la shangazi lina uzito kuliko vita vyote vya utendi huu. Kushinda hakutoshi, mwenye nguvu anadaiwa watu wake wakiwa hai.

Hata baada ya hapo Mwindo anajisifu, na anamuua joka ambaye ni rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, na huko anateseka mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua. Anarudi amepigwa marufuku kuua mnyama yeyote, akiwa mwami anayewausia watu walime vyakula vya kila aina, wasigombane, wasimcheke kilema. Anausia pia kwamba mwami aogopwe na watu, naye awaogope.

Lakini usia huo haukulinda nchi: Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, hapo hapo Walikale, na vita vikaenea Masisi. Tangu hapo vijiji vingi vimekimbiwa, vikarudiwa, vikakimbiwa tena. Katika kambi za waliokimbia hakuna baraza la wazee lenye nafasi yake, na mtoto anamjua mwenye silaha kabla hajamjua mwami. Wanaojiita wakubwa wa milima hii leo wanaogopwa sana, na wao hawamwogopi mtu.

Basi, ndugu msomaji wa Goma, wa Bukavu au wa ng'ambo: kama ukoo wenu una mzee anayeijua karisi, mwendee mwaka huu. Mrekodi kwa Kinyanga chake, bila kumharakisha, na mjukuu mmoja awe amekaa karibu anajifunza.