Longonot: Mlima wa Siku Moja kwa Mtu Aendaye Peke Yake

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha, akiisha kufika ukingoni mwa Bonde la Ufa, huuona mlima umesimama peke yake katika uwanda, juu yake umekatika kama chungu kilichovunjika mdomo. Huo ndio Longonot. Kimo chake ni mita 2,776, nao ni mlima wa moto. Yasadikiwa ya kuwa mara ya mwisho ulitapika katika miaka ya 1860. Jina lake latoka katika Kimasai, maana yake mlima wenye migongo mingi, na mtu akiona jinsi mvua ilivyozichimba mbavu zake haulizi kwa nini.

Walimu wengi wakati wa likizo, na vijana wao pia, hupenda kujua kama ni vyema kuupanda peke yao. Wazee hukataa. Sisi twaona ya kuwa, kama ni lazima mtu aende pekee, afadhali mlima huu kuliko mingine. Kwa maana Kilimanjaro mgeni haruhusiwi kupanda pasipo kiongozi, bali hapa njia imekanyagwa wazi, na walinzi wa hifadhi, iliyowekwa mwaka 1983, wako langoni. Lakini si kusema hakuna hatari.

Kwanza ni maji. Njiani hamna kijito wala kisima, kwa kuwa udongo ni majivu ya zamani, hunywa mvua mara inyeshapo. Kivuli nacho ni haba, mileleshwa tu na miiba. Basi mtu na atoke alfajiri, naye achukue lita tatu, wala asiseme zitamlemea. Zitapungua mapema kuliko apendavyo.

Kutoka langoni hata ukingo wa shimo ni yapata kilometa 3, na mwisho wake ni mkali, vumbi linateleza chini ya kiatu. Hata akifika juu, nchi yakatika ghafula mbele ya miguu yake, na huko chini aona msitu mzima umefungwa ndani ya kuta za mawe. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamasai katika safari yake ya miaka 1883 na 1884, alisimama juu hapo akastaajabu sana. Mwaka 2009 moto wa nyika uliupanda mlima ukaingia hata ndani ya shimo, na wanyama wakanaswa humo. Pundamilia na twiga huonekana chini mbugani. Nyati ndiye wa kuogopwa, hasa dume akaaye pekee vichakani.

Hapa ukingoni ndipo mwenda pekee apaswapo kuamua. Kuuzunguka mdomo wote ni yapata kilometa 7 tena, njia ni nyembamba, mahali pengine imeliwa na mifereji, na kilele kiko upande wa magharibi, ambako ziwa la Naivasha laonekana. Mwenye mwenzake akiteguka mguu, mwenzake hukimbilia langoni. Aliye pekee hana wa kumtuma. Kwa hiyo, jua likiwa limekwisha kupita utosini, au maji yakiwa yamebaki nusu kabla hajaanza kuzunguka, na ageuke. Kilele hakiendi mahali.

Tena asitoke nyumbani pasipo kumwambia mtu mmoja jina la mlima na saa atakayorudi, na saa ambayo, ikipita, walinzi waulizwe. Simu si ya kutegemewa sana, maana huisha nguvu. Na akiisha kushuka, kabla hajakung'uta vumbi la viatu, ampelekee habari yule aliyemwachia neno. Wengine husahau hili; hula, hulala, na huku mama wa watu amekaa mlangoni, anasikiliza kila hatua ipitayo njiani.