Jina Lililozikwa Dublin

Tarehe 29 Novemba 1972, katika ukumbi wa Project Arts Centre jijini Dublin, mtu aliletwa mbele ya watazamaji akiwa amebebwa kwenye machela. Alikuwa amevaa nguo nyeupe tupu na uso wake umefunikwa. Wasanii wenzake wawili, Robert Ballagh na Brian King, wakaanza kumpaka rangi, mmoja akianzia kichwani na mwingine miguuni. Huyu ana kijani, yule ana rangi ya chungwa. Kwa muda mfupi mtu yule akawa bendera ya Ireland, kijani na nyeupe na chungwa. Lakini hawakuishia hapo. Mikono ilipishana, rangi zikavamiana, na bendera ikapotea ndani ya tope.

Aliyelazwa pale alikuwa Brian O'Doherty, mzaliwa wa Ballaghaderreen, aliyesomea udaktari kisha akahamia Marekani na kuwa msanii na mhakiki. Alipoinuka hakuwa Brian tena, angalau si katika sanaa. Alitia saini tamko kwamba kazi zake zote zitabeba jina la Patrick Ireland hadi siku ambayo jeshi la Uingereza litaondoka Ireland ya Kaskazini na raia wote wa huko watapewa haki zao.

Wengi wakisikia habari ya namna hii huuliza: sanaa iko wapi hapo? Swali ni la haki. Sisi tumezoea sanaa za maonyesho, yaani ngoma, tamthilia, vichekesho, ambamo mtu hujifanya mwingine na pazia likishuka kila mmoja anarudi kwao. Hii ninayoizungumzia, tuiite sanaa ya tendo, haina mwigizaji. Msanii anatumia mwili wake mwenyewe, kwa muda halisi, mbele ya watu halisi. Akisema amechoka, amechoka kweli. Akibadili jina, limebadilika. Kazi ya O'Doherty haikuwa ile rangi ya siku moja. Ilikuwa miaka yote aliyokubali kuitwa jina asilopewa na wazazi wake. Na msanii huishi kwa jina lake. Kulitupa alipokuwa tayari anajulikana ni hasara aliyoichagua kwa macho makavu.

Sababu yake ilikuwa nzito. Januari 30 mwaka huohuo, wanajeshi wa Uingereza waliwafyatulia risasi waandamanaji mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, waliokuwa wakipinga watu kuwekwa kizuizini bila kesi. Walikufa 13 siku ileile na mwingine alifariki baadaye. Mwezi Aprili ripoti rasmi ya Jaji Widgery kuhusu mauaji hayo ikawatua wanajeshi sehemu kubwa ya lawama. Upande wa kusini nako, katika Jamhuri ya Ireland, redio na televisheni vilikuwa chini ya amri ya serikali iliyozuia sauti za makundi yenye silaha, na amri hiyo iliendelea kwa namna moja au nyingine hadi 1994. Maneno yalikuwa yamechakachuliwa pande zote mbili za mpaka. Hapo ndipo ninapoiona asili ya sanaa ya tendo ya Ireland, tofauti na ile ya New York au Vienna: ilikua katika nchi ambamo mambo makubwa hayakuweza kusemwa, au yakisemwa hayakuaminiwa, na mwili ukalazimika kutoa ushahidi.

Wageni walichangia pia, na ni vizuri kuwataja. Mjerumani Joseph Beuys alifika mwaka 1974 na kutoa mihadhara kusini na kaskazini. Mwaka huohuo Nigel Rolfe alihamia kutoka Uingereza na kuwa mhimili wa sanaa hii Dublin. Lakini aliyeacha alama ya kina zaidi, kwa maoni yangu, ni Alastair MacLennan, Mskoti aliyehamia Belfast, upande wa kaskazini, mwaka 1975 kufundisha chuo cha sanaa. Wakati huo katikati ya Belfast palizungushiwa vizuizi vya chuma, na mtu hakuingia dukani bila kupekuliwa. Mwaka 1977 MacLennan alipita katika mitaa hiyo amevaa nguo nyeusi, shingoni amening'iniza ubao wa kulengea vishale. Kazi ile aliiita *Target*, yaani shabaha. Hakuhutubia, hakubeba bango la chama chochote. Mji uligawanyika kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kila mpita njia alijiuliza huyu ni wa kwetu au wa kwao. Shabaha haina dini. Askari aliyempekua na mama aliyepishana naye akitoka sokoni walikuwa wakitazama shabaha, na kila mmoja wao alikuwa shabaha tayari.

Wanafunzi wake na wenzake waliendeleza mwenendo huo. Mwaka 2001 lilianzishwa kundi la Bbeyond mjini Belfast, na wanachama wake wamejijengea desturi ya kukutana mahali pa wazi na kufanya matendo yao kimyakimya kati ya wapita njia, bila tiketi wala jukwaa.

Kusini, kimya kilikuwa cha namna nyingine, na waliokivunja zaidi ni wanawake. Ireland ya zamani ilikuwa na desturi ya kuomboleza iitwayo caoineadh: wanawake wenye kipaji walisimama juu ya maiti wakalia kwa mashairi na sauti ya kupanda na kushuka. Kanisa lilipiga vita desturi hiyo hadi ikafifia. Kuanzia miaka ya 1980 Alanna O'Kelly aliifufua sauti ile ndani ya sanaa yake, akailia Ireland ya njaa kuu ya karne ya 19 na akailia dunia iliyotishwa na makombora ya nyuklia. Naye Mary Duffy, aliyezaliwa bila mikono, mwaka 1990 alisimama uchi mbele ya watazamaji kama ile sanamu maarufu ya Venus iliyovunjika mikono, akawarudishia maneno ambayo madaktari na watu wazima walikuwa wakiyasema juu ya mwili wake tangu utotoni. Waliokwenda kumtazama walijikuta wao ndio wanaotazamwa.

Amanda Coogan alizaliwa 1971 Dublin na wazazi viziwi, na lugha yake ya kwanza ni ya alama. Nadhani hilo linaeleza mengi: tangu mwanzo kwake mkono ndio mdomo. Baadaye alisoma Ujerumani chini ya msanii mashuhuri wa sanaa ya tendo, Marina Abramović. Katika kazi yake *Yellow* ya mwaka 2008 anaketi amevaa gauni kubwa la manjano, ndoo ya maji ya sabuni iko kati ya miguu yake, na anafua gauni lilelile alilolivaa. Anasugua, anakamua, anachovya tena. Povu linapanda, nguo inalowa na kuwa nzito, mikono inachoka, saa zinapita. Anayeingia kwa dakika tano ataona mwanamke anafua. Anayekaa ataanza kuona doa lisilotoka, ingawa kwenye gauni hakuna doa lolote.

Kwa mtu wa Ireland, mwanamke anayefua si picha tupu. Kwa miongo mingi wasichana waliopata mimba nje ya ndoa, mayatima na wengine wasio na mtetezi walifungiwa katika nyumba za kufulia za Magdalene zilizoendeshwa na watawa, wakafanya kazi bila mshahara. Ya mwisho, iliyokuwa Sean McDermott Street jijini Dublin, ilifungwa mwaka 1996. Serikali iliomba radhi Februari 2013. Mwaka mmoja kabla ya radhi hiyo, Coogan, Chrissie Cadman na Helena Walsh waliwakusanya wasanii wanawake katika onyesho liitwalo *Labour*, wakatenda kwa saa nane mfululizo, kipimo cha siku moja ya kazi, London, Derry, na Dublin kwenyewe, mwendo mfupi tu kutoka Sean McDermott Street.

Na Patrick Ireland? Jeshi la Uingereza lilihitimisha operesheni yake ya Ireland ya Kaskazini Julai 2007. Tarehe 20 Mei 2008, katika viwanja vya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Ireland, jeneza lenye sanamu ya mtu yenye kinyago cha uso wa msanii lilishushwa kaburini, na mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Jina lilikuwa limeishi karibu miaka 36. O'Doherty alirudia jina la wazazi wake akiwa na umri wa miaka 80, akafa nalo New York mwaka 2022.