Mzungumzaji mkuu naye alianzia chini

Kwenye makongamano, mzungumzaji mkuu akikaribishwa jukwaani husomewa vyeo vyake vya mwisho tu. Vijana wetu hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani wakidhani watu hawa walizaliwa wakubwa. Mimi hujiuliza: alianzia wapi?

Tuchukue wawili kutoka jimbo la Washington, Marekani, kunakoundwa ndege za Boeing. Alan Mulally aliingia kampuni hiyo mwaka 1969 akiwa mhandisi wa kawaida. Miaka ya 1990 aliongoza uundaji wa ndege ya 777, akapanda hadi kusimamia kitengo chote cha ndege za abiria. Alipoondoka 2006 kwenda kuongoza Ford, alikuwa ametumika miaka 37.

Upande wa serikali yuko Christine Gregoire. Alianza kama karani wa kupiga chapa. Akasomea sheria, akawa mwanasheria mkuu wa jimbo kwa miaka 12, na 2005 akaapishwa kuwa gavana, baada ya kura kuhesabiwa mara tatu na kushinda kwa kura 129 tu.

Hapa Pwani nimeona vijana wenye shahada wakiidharau kazi ya ukarani au ya karakana, wakingoja cheo. Ndugu zangu, mwanzo wa ngoma ni lele. Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Gregoire alikuta ngazi ya kupandia. Viongozi wa kaunti zetu watujibu: karani wa leo, asiye na mjomba ofisini, ana ngazi gani?