Majina ya Njia Iliyonyooka

Msafiri atokaye Kisongo kuelekea mjini Arusha, akiisha kuupita uwanja mdogo wa ndege na mitaa ya Majengo na Mbauda, huwa yumo katika Barabara ya Dodoma. Afikapo Kilombero, bila ya kuzungusha usukani ila kwa kumkwepa mwenye mkokoteni au bodaboda, hujikuta yumo katika Barabara ya Sokoine. Na akiisha kuuzunguka Mnara wa Saa na kuishika njia iliyo mbele yake, hiyo nayo huitwa Old Moshi Road, ambayo humvusha mto Themi na kumfikisha Kijenge. Majina matatu ameyapita, na kona hakukata hata moja.

Jambo hili wenyeji hawalioni, kwa kuwa wamelizoea, walakini mgeni humtaabisha. Siku moja nilisimama karibu na mataa ya Sanawari, akanijia kijana mmoja aliyeshuka katika basi la kutoka Moshi, mkononi ana kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Akaniamkia, “Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, hii ndiyo barabara ya Moshi?” Nikamwitikia, “Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii.” Akakitazama kikaratasi chake, akatazama magari, akasema, “Mbona nimeambiwa nikishavuka daraja la Themi niulize, na hapa sioni daraja?” Ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa akiitafuta ile ya zamani, ilhali amesimama juu ya ile mpya, na ya kwamba aliyemwandikia alikuwa ameliacha neno moja tu. Nikampakia katika kifodi cha kwenda mjini, nikamwagiza konda amshushe Mnara wa Saa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza wanaoniuliza kwamba kubadilika kwa jina katika njia moja iliyonyooka hakutokani na uzembe wa wapimaji, wala si upungufu wa ramani. Ni kaida yenye sababu zake, na mwenye kuzijua sababu hizo huweza kusafiri kwa utulivu katika mji asioujua.

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo kongwe kuliko zote, ni kwamba barabara aghalabu hupewa jina la mahali inapokwenda, si la mahali ilipo. Mtu wa Arusha husema “barabara ya Moshi” kwa kuwa kwake yeye mwisho wa njia ni Moshi. Na mtu wa Moshi, akiitazama lami ile ile, husema “barabara ya Arusha”. Baina ya miji hii miwili ni masafa ya takriban kilomita 80, na mahali fulani katika masafa hayo jina moja hufa na jingine huzaliwa, pasipo nguzo wala jiwe la kuonyesha. Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti bado jina la Moshi lina nguvu. Lakini mtu aliyesimama Boma Ng’ombe ana haki ya kuyatumia majina yote mawili, na lipi atalitumia hutegemea gari analolingoja. Kwa hiyo jina la barabara, likitazamwa vizuri, hutueleza mambo mawili kwa pamoja: njia inakokwenda, na pale aliposimama yule anayeitaja.

Njia hiyo hiyo, ikiisha kupita Sanawari, Mianzini na Sakina, huacha kuwa ya Moshi ikawa ya Nairobi, na watu wa Ngaramtoni na Oldonyosambu huiita pia ya Namanga, mlango wa mpaka wa Kenya. Ajabu iliyopo hapa ni kwamba huko ng’ambo ya mpaka, wakazi wa Kajiado na Kitengela nao huiita barabara ya Namanga. Baina ya Arusha na Athi River ni kilomita kama 240, na katika urefu wote huo mataifa mawili yameipa njia yao jina la mlango mmoja, kila taifa likiutazama kutoka upande wake.

Na katika safari hiyo kuna shahidi asiyebadili jina. Mwendeshaji atokaye Usa River kwenda Namanga huuona Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,562, ukiwa mkono wake wa kulia. Apitapo Tengeru uko kulia, apitapo Sakina uko kulia, na njia ikiisha kupinda kuelekea kaskazini hapo Ngaramtoni, bado uko kulia hadi Oldonyosambu. Amezunguka karibu nusu ya mlima bila ya kuiacha barabara moja, na hali barabara hiyo imekwisha kuitwa ya Moshi, ya Nairobi na ya Namanga. Ndiyo maana wazee wa sehemu hizi, wakimwelekeza mtu, humwambia kwanza mlima ukae upande gani, na jina la njia hulitaja baadaye.

Sababu ya pili ni heshima. Serikali na mabaraza ya miji huwakumbuka watu wakubwa kwa kuwapa vipande vya njia, na kipande hukatwa kwa kadiri ya hadhi ya mahali, si kwa kadiri ya mwendo wa gari. Barabara ya Sokoine ina jina la Edward Moringe Sokoine, aliyezaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Waziri Mkuu wa nchi yetu, akafariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Anayeifuata barabara hiyo kuelekea magharibi, na akaendelea nayo baada ya jina kugeuka kuwa Barabara ya Dodoma, hufika Kisongo na kisha kwenye njia panda ya Monduli. Na huko juu, Monduli Juu, ndiko alikozikwa Sokoine. Jina lake hukoma mjini, lakini lami huendelea mpaka karibu na nyumbani kwao.

Sababu ya tatu ni zama. Njia mpya ikiisha kujengwa, ile iliyotangulia haifi, bali huongezewa neno “zamani” na kuachiwa jina lake. Hapa pana jambo dogo la lugha linalostahili kuangaliwa kwa makini. Jina Old Moshi Road, kwa mpangilio wake wa Kiingereza, laweza kufahamika kwa maana mbili: barabara ya zamani iendayo Moshi, au barabara iendayo Old Moshi, kule mlimani Kilimanjaro alikotawala Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Kiswahili humpa msemaji njia ya kuukwepa utata huo: “Barabara ya Moshi ya Zamani” ingali yaweza kubeba maana zote mbili, bali “Barabara ya Zamani ya Moshi” ina moja tu, nayo ndiyo inayoeleza hali ilivyo Arusha, kwa maana ukongwe ni sifa ya njia, wala si ya mji inakokwenda. Yule kijana wa Sanawari alipotezwa na sifa hiyo iliyoachwa nje ya kikaratasi.

Sababu hizi hazikuumbwa kwa ajili ya Arusha peke yake. Katika jiji la Dar es Salaam, atokaye Mwenge kwa Barabara ya Sam Nujoma akavuka Ubungo moja kwa moja, huingia katika Barabara ya Nelson Mandela, hata ikawa marais wa kwanza wa Namibia huru na wa Afrika Kusini iliyokombolewa wamekutanishwa katika njia panda moja. Mjini Nairobi, Mombasa Road huwa Uhuru Highway, kisha huwa Waiyaki Way, na gari linakwenda mbele tu. Jina la kwanza ni la mahali, la pili ni la tukio la taifa, la tatu ni la shujaa. Huko London nako, aliyeshika Oxford Street kuelekea mashariki atapita Holborn na Newgate Street mpaka Cheapside kabla hajalazimika kuuliza njia. Miji hukua kipande kwa kipande, na kila kipande hudai jina lake.

Wako waliotamani njia moja ndefu iwe na jina moja. Wakati wa ukoloni Waingereza waliiwazia barabara ya kutoka Cape Town mpaka Kairo, wakaiita Great North Road, nayo ilipita Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa na Babati, ikaingia Arusha na kutokea Namanga. Mji wetu ukajivunia kuwa katikati ya safari hiyo, na mpaka leo Mnara wa Saa husifiwa kuwa alama ya nusu ya njia. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni ramani, naomba kuongeza hesabu ndogo: Kairo iko kwenye latitudo ya digrii 30 kaskazini, Cape Town iko karibu na digrii 34 kusini, na katikati yake ni digrii 2 kusini, yaani katika sehemu za Kajiado, ilhali Arusha iko digrii 3 na zaidi. Kwa hiyo, tukihesabu latitudo peke yake, mnara wetu uko kusini kidogo ya nusu ya kweli. Hilo haliuondolei mnara taadhima yake, maana kwa dereva aliyechoka katikati ya safari ni pale apatapo chakula na malazi.

Lakini lile jina moja lilikaa wapi? Limebaki Zambia, na mjini Lusaka barabara kuu bado huitwa Cairo Road. Huku kwetu halikushika. Watu wa Kondoa waliendelea kusema ya Arusha au ya Dodoma, na hata kilomita 251 za Dodoma hadi Babati zilipozinduliwa kwa lami mwaka 2018, msafiri alizitaja kwa miji yake. Namba nazo hazikufanikiwa zaidi. Katika ramani nyingi za magari njia itokayo Moshi huandikwa A23, na ikiisha kuingia Arusha na kuelekea Namanga huandikwa A104, pasipo kona. Ilhali anayetaka kuifuata A104 kutoka Dodoma hadi Namanga, huyo ndiye hana budi kuiacha njia aliyokuja nayo na kuishika nyingine. Basi si jina wala namba iliyokubali kulifuata gurudumu.

Na kwa nini tushangae, maadamu maji ya mlima wetu yamekuwa yakifanya hivyo tangu zamani? Maji yapitayo chini ya daraja la Themi, pale pale Old Moshi Road, huteremka na kuungana na mito mingine ya Meru katika mto Kikuletwa. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na yatokayo bwawani humiminika mpaka Bahari ya Hindi kwa jina la Pangani. Hakuna aliyewahi kudai kwamba mto umepotea kwa kuwa umebadili jina. Kila watu huliita tone lile lile kwa jina la nchi linapopita, na wote wanasema kweli.

Fauka ya hayo, sisi Waswahili hatukuzoea kuishi katika mistari, bali katika mitaa. Ukimwuliza mtu wa Arusha anakaa wapi, atakwambia Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited au Daraja Mbili. Na ndani ya kifodi abiria haombi kushushwa katika barabara fulani, huomba kushushwa Philips, Ngulelo au Kwa Mrefu. Kwetu barabara ni uzi, na mitaa ndiyo shanga. Maadamu shanga zilikuwa na majina yaliyo bayana, uzi haukuwa na haja ya jina.

Walakini zama zimegeuka. Mwaka 2022 serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi nchi nzima, vibao vikasimamishwa na nyumba zikapewa namba, hata jina la barabara likawa sehemu ya anwani ya raia. Leo gari la wagonjwa, gari la zimamoto na mwenye kuleta mzigo huweza kumtafuta mtu kwa barabara na namba. Njia za Arusha nazo zimeongezeka: kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kimepanuliwa kikawa cha njia nne, na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 imezungushwa upande wa kusini wa jiji. Palipokuwa na barabara moja ya kwenda Moshi, sasa mgeni atasikia habari za tatu. Neno moja likipotea katika maelekezo, kama lilivyopotea katika kile kikaratasi, laweza kumchelewesha mgonjwa.

Rai yangu si kwamba majina yafutwe ili njia moja ibebe jina moja. Kufanya hivyo kungekuwa kumnyang’anya Sokoine heshima yake, na kumpokonya mtu wa Usa River haki ya kuiita njia kwa mji anaoutazamia. Ninaloliomba ni dogo, na gharama yake ni nguzo chache na rangi: pale jina linapokoma, isimamishwe nguzo yenye majina yote mawili, lile linaloachwa na lile linaloanza, kila moja na mshale wake. Nguzo moja isimame Kilombero, nyingine Mnara wa Saa, nyingine pale barabara ya Moshi inapogeuka kuwa ya Nairobi. Na wewe msomaji, umwelekezapo mgeni, usimpe jina la barabara peke yake; mtajie mtaa, mtajie kituo, na umwambie Meru iwe mkono wake upi.