Tingatinga Kuukuu: Tazameni Breki Kabla ya Kufungua Giaboksi

Tingatinga la kutengeneza njia likiharibika siku za mavuno, hasara haimfiki mwenye mashine peke yake. Njia ya shamba haipitiki, na magunia ya karafuu mbichi hulala bondeni. Kila mkulima ajua kuwa karafuu mbichi zikilundikwa hupata moto ndani kwa ndani na kuharibika. Giaboksi nayo huharibika vivyo hivyo, kwa moto usioonekana. Mshale wa geji ukipanda, wengi huita fundi aifungue. Kazi hiyo ni ya fedha nyingi, na pengine ubaya hauko huko bali katika breki.

Sababu ni hii. Katika tingatinga ambalo injini huizungusha giaboksi kwa nguvu ya mafuta, breki ya upande mmoja ikishika, mnyororo wa upande huo huwa mzito. Injini yavuma, mashine haiendi upesi, na nguvu iliyopotea hugeuka kuwa moto katika mafuta. Kwa mashine nyingi za namna hii, mafuta yakifika digrii 120 za Sentigredi ni hatari. Hapo acheni kazi, toeni gia, na muiache injini izunguke bila mzigo mpaka mshale ushuke.

Kisha fuateni utaratibu huu:

1. Pimeni mafuta ya giaboksi kama kitabu cha mashine kisemavyo. Yakipungua ni ubaya, na yakizidi hutoka povu na kupata moto vilevile. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yabadilishwe.

2. Safisheni rejeta. Majani na vumbi huziba njia ya upepo. Tazameni pia mkanda wa feni.

3. Mwulizeni dereva anatumia gia gani. Kusukuma mzigo mzito kwa gia kubwa huchemsha mafuta hata kama mashine ni nzima.

4. Baada ya kazi, linganisheni breki mbili. Sogezeni mkono karibu na kifuniko cha kila breki bila ya kugusa. Ukiwa mmoja una moto kuliko mwenziwe, au mashine inavuta upande mmoja, breki hiyo inashika.

Zimeni injini mahali tambarare, teremsheni bamba la mbele mpaka chini, na muwekee minyororo magogo. Hapo tazameni kama pedali yarudi yote. Huenda springi imechoka, viungo vimeshika kutu, kifungio cha kuegeshea hakikuachia, au mkanda wa breki umekazwa mno. Dereva mwenye desturi ya kuweka mguu juu ya pedali aiache.

Lakini mkanda usilegezwe kupita kipimo cha kitabu. Breki isiyoshika mtelemkoni huua watu. Baada ya kurekebisha, jaribuni kwanza mahali tambarare, kwa gia ya kwanza, ndipo mwende kilimani.